Chaki kwenye Mlango wa Mratibu

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu amechafua milango ya watu kwa chaki, na hakuna aliyewahi kumfokea. Wengine walimwita wenyewe.

"Mama Chaki, mbona kwangu hujaandika? Au wangu watoto wa kuazima?"

Naye alicheka, akasogeza mkoba begani, akaandika.

Maandishi yake yalikuwa mafupi. Tarakimu ya juu, watoto waliomo ndani. Ya chini, waliochanjwa. Zikilingana aliweka mshale kuonyesha alikoelekea, basi. Zisipolingana aliweka kiduara pembeni, kimoja kwa kila mtoto aliyekosekana: huyu yuko kwa shangazi yake, huyu baba kakataa, huyu kalala. Kiduara hakikufutwa mpaka mtoto apatikane. Hakufundishwa na mtu. Alikibuni mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Sababu hiyo leo ina miaka ishirini na sita, ndevu, na karakana ya kuchomelea mageti. Mwanawe huyo alipokuwa wa miezi kumi na mmoja wachanjaji walipita akiwa usingizini. "Mwacheni alale," alisema mama mtu, "kesho mtarudi." Kesho hawakurudi. Wiki ya tatu surua ikamshika, macho mekundu kama pilipili, masikio yakitoa usaha, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Mtaani wanamwita Cheche. Anasoma midomo ya watu kama wengine wasomavyo gazeti. Mama yake hajawahi kumwambia mtu yeyote ni nani aliyesema mwacheni alale.

Ndiyo maana alipoitwa kujitolea kuwa mhudumu wa afya wa mtaa hakuuliza atapewa nini. Aliuliza atapewa milango mingapi.

Mwaka huu chaki ilipigwa marufuku.

Waliitwa wahudumu wote kwenye ukumbi wa ofisi ya afya, wakakalishwa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja akapewa simu mpya yenye kava la mpira. Mbele alisimama mratibu wa kampeni, mtu wa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakata kama wembe. Akawasha picha ukutani. Mtaa mzima ulionekana kutoka juu, paa kwa paa, kama vipande vya sabuni vilivyopangwa sokoni.

"Hii imepigwa na setilaiti," alisema. "Iko juu ya mawingu, mamia ya kilomita. Inaona kila paa. Kila paa limewekewa nukta ya njano. Ukichanja watoto wa nyumba hiyo, unabonyeza, nukta inakuwa kijani. Mtaa ukiwa kijani wote, tumemaliza. Hakuna tena mambo ya kuchorachora milango ya watu kama watoto wa chekechea."

Watu walicheka. Hata Mama Chaki alicheka kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshaliona paa lake, na nyuma ya paa, beseni lake la bluu. Alishika mdomo. Kumbe Mungu ana wasaidizi, alijisemea. Tusiseme uongo: siku ile aliipenda ile simu. Alikwenda nayo nyumbani akamwonyesha Cheche beseni, na Cheche akamwonyesha kwa vidole kwamba beseni lile lilipasuka mwaka juzi.

Hilo lingetosha kumshtua. Halikumshtua.

Jumatatu, siku ya kwanza ya kampeni, alichanja pamoja na Sista. Sista ni muuguzi wa zahanati, mama wa makamo kama yeye, mikono myepesi na maneno mazito. Mmoja anachanja, mwingine anapaka wino kidole cha mtoto na kubonyeza simu. Mpaka saa nne nukta kumi na sita zilikuwa kijani. Halafu simu ikawaongoza kwenye barabara kuu.

Wakasimama pembeni ya lami, malori yakiwapita. Simu ilisema wako katikati ya nyumba arobaini na moja.

"Ziko wapi?" aliuliza Sista.

"Unazikanyaga."

Nyumba zile zilivunjwa mwaka juzi barabara ilipopanuliwa. Mama Chaki alizijua zote, alikuwa ameziandika milango kwa miaka. Wenyewe walihamia kwenye ghala kubwa la magunia lililoachwa wazi karibu na stendi, wakagawana ndani kwa mbao na mapazia, kila familia chumba. Mwaka jana, wakati wa matone ya polio, Mama Chaki aliwaandika huko huko. Asiyekuwa na mlango alimwandikia sakafuni. Binti yake mwenyewe anaishi humo, chumba cha tisa kushoto, na mtoto wa miezi kumi ambaye kwa mashavu yale hakuna aliyemwita jina jingine ila Bonge.

Simu haikujua habari hizo. Ilimpa vitufe viwili tu: IMEKAMILIKA, na NITARUDI. Hakukuwa na cha kusema nyumba haipo tena. Alibonyeza NITARUDI mara arobaini na moja, akasimama juani kama mtu anayehesabu makaburi.

Jioni simu ililia. Mratibu.

"Mama, kwako kuna njano arobaini na moja. Mtaa mzima umebaki wewe tu."

"Baba, hizo nyumba zilivunjwa. Watu wenyewe wako ghalani, nitawachanja huko kesho."

"Sawa, sawa, hao tutawaona. Lakini hizi za njano bonyeza imekamilika, usiniharibie rangi. Mfumo haufungi siku ukiwa na njano."

"Zimekamilika vipi na sijamchanja mtu?"

"Mama, ni nyumba ambazo hazipo. Kuna kazi gani ya kufanya kwenye nyumba ambayo haipo? Imekamilika, si ndiyo?"

Ilimwingia akilini. Tumwache na hilo, maana baadaye alijilaumu mwenyewe kuliko tunavyoweza kumlaumu sisi. Mtu wa shati la pasi anaongea kwa upole, anakuita mama, na wewe darasa lako liliishia la saba. Alikaa kitandani akabonyeza arobaini na moja, moja moja, na mtaa ukawa kijani kama bustani.

Asubuhi ya Jumanne walifika ghalani. Ndani kulikuwa na joto la bati, redio tatu zikibishana, na kina mama tayari wamewaogesha watoto. Mama Chaki alipofungua simu, paa lile refu lilikuwa la kijivu. Aliligusa. GHALA. HAKUNA MAKAZI.

Aligusa tena. HAKUNA MAKAZI.

Mtoto mmoja alikuwa anamvuta sketi.

"Sista, chanja tu. Nitaandika kwenye daftari."

Sista alitazama sanduku la baridi. "Kichupa kimoja ni watoto kumi. Nikishakichanganya, kina saa sita tu, halafu ni cha kumwaga. Na kila kichupa kinatolewa kwa nukta. Hapa hakuna nukta, shoga yangu. Nitasema nimekimwaga wapi?"

"Utasema umekimwaga kwenye mapaja ya watoto."

"Piga simu kwanza. Wakikubali, ndani ya dakika mbili nimeanza."

Alipiga. Mratibu alimwambia asubiri. Alisubiri amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka saa saba, watoto wakachafuka tena, kina mama wakaanza kunung'unika, na fundi viatu mmoja anayelea binti yake peke yake akamuuliza, "Mama Chaki, na sisi tumekuwa magunia?" Kisha jibu likaja kwa ujumbe. Familia hizo arobaini na moja zimeshachanjwa jana. Mfumo unaonyesha. Tafadhali endelea na eneo lako.

Aliusoma mara mbili. Halafu akaelewa ni kidole cha nani kilichowachanja.

Hasira zina namna nyingi. Kuna ile ya kupiga kelele, hiyo hupoa na chai. Kuna nyingine haipigi kelele, inahesabu. Siku ile Mama Chaki alihesabu watoto mmoja mmoja, chumba kwa chumba, kwa kalamu kwenye daftari la mraba. Walikuwa sitini na watatu. Aliporudi nyumbani hakula.

Jumatano binti wa fundi viatu aliamka na homa, mafua, macho hayatazami mwanga. Surua ilikuwa tayari mtaa wa pili tangu mwezi uliopita. Ndiyo iliyoleta kampeni yenyewe. Mama Chaki alimfunua mtoto mdomo, akaona vidoa vyeupe ndani ya shavu, kama chembe za chumvi. Aliviona mara moja maishani mwake, miaka ishirini na tano iliyopita, na hakuhitaji simu kumwambia ni nini. Walimkimbiza hospitali, na yeye akaenda kwa mratibu. Cheche alifunga karakana akamfuata, hakuombwa.

Ofisi ya mratibu ina ukuta wa kioo na feni inayozunguka kwa adabu. Mama Chaki aliweka daftari mezani.

"Sitini na watatu, mwanangu. Mmoja ameshaugua. Zahanati inawarudisha, inawaambia wasubiri timu iwafuate nyumbani. Timu ni mimi, na simu inanikatalia."

"Mama, naelewa uchungu wako."

"Sijaja na uchungu, nimekuja na orodha."

"Orodha ya daftari haiingii kwenye mfumo. Na wewe mwenyewe," aligeuza kompyuta yake amwonyeshe, "wewe mwenyewe, Jumatatu, saa moja na dakika kumi jioni, umethibitisha nyumba hizi zimekamilika. Jina lako hili hapa."

"Wewe ndiye uliyeniambia nibonyeze!"

"Nilikuambia umalize kazi. Sikukuambia udanganye." Alisema kwa sauti ya chini, ya huruma, na hapo ndipo Mama Chaki alipotamani kumrushia hiyo feni. "Nisubirini nje kidogo niwasiliane na wakubwa."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la korido. Nyuma ya kioo mratibu alishika simu yake, akawapa ubavu, akaongea. Mama Chaki alitazama sakafu. Cheche alitazama kioo.

Baada ya muda Cheche akamgusa bega. Akaanza kusema kwa mikono na kwa ile sauti yake nzito isiyojua kujipima, watu wa benchi la pili wakageuka.

"Anasema ripoti imeshakwenda. Asilimia mia. Anasema akikubali kwamba wapo, ataonekana alidanganya. Anasema Ijumaa mchana tunafunga, vichupa vinarudi, huyu mama atachoka mwenyewe."

"Una hakika?"

"Huyo anaongea midomo wazi," alisema Cheche. "Mwongo safi, anatamka vizuri."

Mratibu alitoka akitabasamu. Alisema wakubwa wanalishughulikia, na kwa kuwa kuna uchunguzi, mama aache simu na kitambulisho hapo mapokezi.

Mama Chaki alivua kitambulisho shingoni. Simu aliiweka juu yake, kifudifudi, kama mtu anavyofunika sahani ya chakula alichokikataa.

"Vichupa vilivyobaki ni vingapi?" aliuliza.

"Hilo halikuhusu tena, mama."

"Ni saba," alisema. "Watoto sabini, na wangu ni sitini na watatu. Vinatosha hata na vya kudondosha. Hivyo ni vya kwao, baba. Unarudisha chanjo za watu stoo kama vitu vilivyokosa wateja."



Alhamisi alizunguka. Kwa Sista, Sista akasema vichupa vyote vinarudishwa ofisini Ijumaa saa sita, barafu ikiwa bado haijayeyuka, na yeye ndiye atakayevipeleka. Alisema hivyo huku akifua kanga, bila kumtazama usoni. Halafu akaongeza, kama anaiambia kanga, "Nitachelewa kidogo kuvikabidhi. Miguu yangu haina haraka."

Jioni ile Mama Chaki aliingia ghalani akapiga sufuria kwa mwiko mpaka redio tatu zikazimwa.

"Kwenye kompyuta yao hili ghala halina watu," alisema. "Kwa hiyo kesho hatuwasubiri hapa, maana hapa hatupo. Chanjo hawaleti, tutaifuata. Kila mmoja na mtoto wake, na kadi, na maji ya kunywa. Mwenye kibao cha kukalia abebe."

"Wakitufukuza?" aliuliza mama mmoja wa mapacha.

"Watakufukuza vipi na wewe hupo?"

Wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuchoka kuogopa.

Ijumaa alfajiri binti yake alimgongea mlango. Bonge mabegani, pua zinatiririka, macho mekundu. Mama Chaki alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akamfunua shavu.

Chembe za chumvi zilikuwa mle mle.

"Mama, ni mafua tu, eti?"

"Mpeleke hospitali. Sasa hivi, na waambie mlangoni ni surua, wasikukalishe na watoto wengine. Mwambie Cheche akubebee begi."

"Na wewe hutakuja?"

"Nitakuja. Nina wengine sitini na mmoja."

Binti alimtazama kama asiyemjua. Mama Chaki alikuwa anavaa viatu, kamba akaziacha wazi.

Saa tano na nusu uwanja wa ofisi ya afya ulijaa. Waliingia wawiliwawili kwa utaratibu kama wanakwenda kanisani au msikitini, wakakaa kwenye baraza, ngazini, kwenye benchi la korido, chini ya kioo cha mratibu. Waliweka vibao. Waliwanyonyesha watoto. Mlinzi aliuliza mmefuata nini, akajibiwa na mama wa mapacha, "Tumehamia. Kule tulikokuwa hakuna makazi."

Mratibu alitoka, shati limenyooka.

"Nani amewaita hawa?"

"Jicho lako la juu," alisema Mama Chaki. "Kule chini ya bati limetukosa. Tukasema tuje hapa. Ofisi yako ina nukta, nimeiona."

"Mama, nitaita polisi."

"Waite. Waambie umevamiwa na watu ambao hawapo."

Kisha akatia mkono mkobani. Alitoa chaki nyeupe, kipande kirefu kizima alichokihifadhi, akampita mratibu ubavuni kama anapita nguzo, akaandika kwenye mlango wa ofisi, mlango wa mbao uliopigwa vanishi, tarakimu kubwa kama kichwa cha mtoto. 63. Chini yake, 0.

Makarani walitoa vichwa. Mratibu alinyoosha mkono afute, na fundi viatu, aliyekuja moja kwa moja kutoka wodini kwa binti yake, akasimama katikati yake na mlango. Alikuwa na nyundo ya kazi mfukoni, mpini unaonekana, na hakuigusa.

Ndipo Sista alipoingia na sanduku la baridi. Alitazama mlango. Alitazama baraza.

"Sista, kabidhi stoo," alisema mratibu.

"Nakabidhi." Aliweka sanduku juu ya meza ya mapokezi, akafungua kifuniko, akanawa mikono kwa dawa.

"Unafanya nini?"

"Nilisomea watoto, bwana. Ramani hawakunifundisha." Alivunja kichupa cha maji ya kuchanganyia, akavuta kwa sindano, akaingiza kwenye kichupa cha kwanza, akakitikisa taratibu mbele ya uso wa mratibu mpaka unga ukayeyuka. "Hiki tayari. Kina saa sita. Ukinizuia sasa nitaandika kwamba kimemwagwa kwa amri yako, na jina lako naandika vizuri tu."

Mratibu alirudi ndani akajifungia. Kupitia kioo walimwona ameshika simu, lakini Cheche hakuwepo kusoma, na hakuna aliyejali.

Walichanja mpaka saa kumi. Mama Chaki alipaka wino vidole, akaandika daftarini. Kila kichupa kilipokwisha alikwenda mlangoni, akafuta tarakimu ya chini kwa kiganja, akaandika mpya. Kumi. Ishirini. Watoto walilia kwa zamu, kilio kizuri cha watoto wazima. Ya mwisho ilikuwa 61. Pembeni alichora viduara viwili, na cha pili alikichora polepole sana.

Kisha akaenda hospitali kwa miguu, kamba za viatu bado wazi.

Bonge alilazwa siku kumi na mbili. Homa ilipanda, kifua kikabana, upele ukamfunika mashavu yale. Mama Chaki alilala sakafuni kati ya vitanda, macho yake kwenye masikio ya mtoto. Kila asubuhi aliyafuta kwa pamba akaitazama pamba. Siku ya kumi na moja homa ilikuwa imeshuka. Alisubiri binti yake aende kuchota maji. Akasimama nyuma ya kichwa cha mtoto, mahali asipoweza kumwona, akainua mikono, ikakataa kukutana. Miaka ishirini na tano iliyopita aliwahi kupiga makofi hivi nyuma ya kichwa kingine.

Akapiga.

Bonge aligeuka, akakunja uso, akalia kwa kusumbuliwa.

Bibi mtu alikaa chini pale pale, akajifunika uso kwa kanga. Kitanda cha pili binti wa fundi viatu alikuwa amekaa na baba yake, jicho la kushoto limefunikwa na bandeji. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia baba kwamba hilo halitaona tena.

Siku waliyotoka, Mama Chaki alimpa binti yake mtoto, akasema anakuja. Alilowesha kitambaa bombani, akakikamua, akaenda nacho ofisi ya afya. Alikuwa na kiduara kimoja cha kufuta, cha Bonge. Kimoja tu.

Mlango ulikuwa umepakwa rangi. Kijani, kuanzia juu hadi chini, rangi nzito yenye kung'aa, na pembeni ukutani walibandika karatasi iliyochapwa: mtaa wetu, asilimia mia moja. Mratibu alikuwa likizo, mapokezi wakamwambia. Hawajui atarudi lini.

Aligusa mlango kwa ncha ya kidole. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika.

"Mama, unasubiri mtu?" aliuliza karani.

"Nasubiri ikauke," alisema. Akakaa kwenye benchi, akatoa chaki.